Leso Juu ya Kiti

Kila aliyewahi kugombea daladala jioni anaijua hila ya leso. Gari halijasimama vizuri, abiria mmoja anapenyeza mkono dirishani na kutupa leso juu ya kiti. Tangu hapo kiti kile ni chake, hata kama yeye mwenyewe bado yuko nje anadai chenji yake ya maji. Anayeingia kwa mlango na kukuta leso hupita kando. Wengi wetu tunaiheshimu leso kuliko tunavyomheshimu mzee aliyesimama. Kwa nini iwe hivyo, sijui, na silo nililokusudia kulieleza. Nimeanza na leso kwa sababu kwa miaka mingi sehemu ya kazi yangu imekuwa kutupa leso, si ndani ya basi bali ndani ya kumbukumbu za kompyuta za watu, na nataka kuisema vibaya kazi hiyo kabla sijaizoea kabisa.

Mimi huandika draiva. Ni programu ndogo inayokaa kati ya mfumo wa kompyuta na kifaa fulani, kama vile kamera, kadi ya sauti au kioo, na kumweleza huyu anachotaka yule. Lugha yetu ingeweza kuiita dereva tu, tukamaliza, lakini mafundi hawakutaka. Labda kwa kuwa dereva tunamjua, na tukimwita kwa jina hilo angeanza kudai posho.

Vifaa vingi vya namna hii havisubiri prosesa ivibebee mzigo. Kamera ikishapata picha huiandika yenyewe moja kwa moja katika kumbukumbu, ile ambayo wauzaji huiita RAM, na prosesa hupewa taarifa tu kwamba kazi imekwisha. Ni mpango mzuri. Bila huo kompyuta ingeshinda ikihamisha baiti mojamoja kama mtu anayehamisha mchanga kwa kijiko. Lakini kumbukumbu imegawanywa kurasa, na katika mashine nyingi ninazozishughulikia ukurasa mmoja ni baiti 4,096. Programu ya kawaida ikiomba nafasi hupewa kurasa popote zilipo, moja hapa na nyingine kule, na ndani ya prosesa kuna kitengo kinachotafsiri anwani hata programu ikaamini kwamba imepewa shamba moja lisilokatika. Kifaa kisicho na mtafsiri wa namna hiyo hakidanganyiki. Kinapewa anwani moja ya kweli na idadi ya baiti, kisha kinaandika kuanzia hapo kwenda mbele kama ng'ombe wa plau asiyejua kugeuka. Kurasa zinazofuata zikiwa za mwingine, kitalima shamba la mwingine. Kwa hiyo draiva ya kifaa hicho haina budi kutafuta kurasa zilizoshikana bega kwa bega, bila hata moja ya mgeni katikati.

Na hizo ni adimu. Fikiri basi litokalo Dar es Salaam kwenda Mbeya. Lina viti ishirini vitupu, lakini kimoja kiko nyuma ya dereva, viwili viko katikati, kingine kiko mlangoni, na kadhalika. Pale Makambako inapanda familia ya watu watano inayotaka kukaa kiti kirefu cha nyuma, wote pamoja, kwa sababu mmoja wao ni mgonjwa na wengine wanamshika. Viti vipo, ila familia haina pa kukaa. Kondakta aliyewahi kupatwa na fedheha hii mara moja, safari inayofuata atafanya nini? Atakifunga kile kiti cha nyuma tangu Dar es Salaam. Kitapita Chalinze kitupu, Morogoro kitupu, Mikumi na Iringa kitupu, na kina mama watasimama na vikapu vyao wakikitazama. Na siku ambayo familia haisafiri, kitafika Mbeya vilevile kitupu.

Mafundi wa draiva tunafanya kama kondakta huyo. Kompyuta ikiwa ndiyo kwanza inawaka, kumbukumbu bado ni nyeupe kama uwanja wa shule wakati wa likizo, tunajikatia kipande kikubwa na kukizungushia ua. Kuanzia hapo kipande hicho hakimo katika hesabu ya mtu yeyote.

Mwaka 2016 nilipewa kazi ambayo niliipenda. Kituo kimoja cha afya, ambacho sina sababu ya kukitaja, kilihitaji mashine ndogo ya mapokezi. Mama mjamzito au mwenye mtoto anafika na kadi yake, kadi inapigwa picha, picha inaingia katika rekodi, rekodi inafunguliwa ndani ya kivinjari na mhudumu anajaza yaliyobaki. Ubao wa mashine ulikuwa na megabaiti 512 za kumbukumbu. Kamera haikuwa ya USB. Ilikuwa imefungwa kwa utepe moja kwa moja kwenye chipu, na chipu ile haikuwa na mtafsiri wa anwani kwa upande wa kamera. Draiva nilikuwa nayo, iliyobaki ilikuwa kuitengea nafasi. Nikachukua faili la mfano lililoandikwa kwa ajili ya ubao mwingine mkubwa zaidi, uliorekodi video kamili. Lilitenga megabaiti 128. Nikalinakili kama lilivyo. Kamera ikafanya kazi mara ya kwanza, nikaondoka nikiimba.

Baada ya wiki mbili nikaitwa. Nilimkuta muuguzi wa zamu, mtu mzima wa kunizaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mashine yako imemmeza mtu tena."

Akanielekeza kwa kidevu kwenye benchi. Alikuwapo mama mmoja na mtoto mgongoni, ameandikishwa mara tatu asubuhi ile na mara zote tatu rekodi yake imepotea kabla haijahifadhiwa. Kivinjari kilikuwa kinatoweka tu, ghafla, hasa siku ambazo foleni ilikuwa ndefu na kurasa nyingi zimefunguliwa. Nilijua maana yake: kumbukumbu imekwisha, na mfumo wa Linux ukifikia hapo huchagua programu moja na kuiua ili nyingine zipone. Aghalabu huchagua ile inayokula sana. Nilichokifanya ndicho kinachonifanya niandike haya. Nililaumu kivinjari. Nikalaumu umeme. Nikawaambia wahudumu wasifungue dirisha zaidi ya moja, kana kwamba kosa ni tamaa yao. Mwisho nikaandika barua yenye mhuri kushauri kituo kinunue ubao mwingine mkubwa zaidi, na nikaweka na bei.

Barua hiyo ilikuwa bado mezani kwa mganga mkuu nilipokaa jioni moja kusoma maandishi ambayo mashine huyatoa inapowaka. Mstari unaotaja kumbukumbu ulikuwa pale siku zote. Robo nzima haikuwamo.

Hesabu yake ingeweza kufanywa na mtoto wa darasa la tano. Picha tuliyoihitaji ilikuwa ya nukta 640 kwa 480, kila nukta baiti mbili: baiti 614,400, ambazo ni kurasa 150 kamili. Draiva huzungusha picha nne ili moja ikisomwa nyingine iandikwe. Jumla kurasa 600, ambazo hazifiki hata megabaiti mbili na nusu. Mimi nilikuwa nimefungia kurasa 32,768. Kwa kila ukurasa mmoja uliofanya kazi, zaidi ya hamsini zilikuwa zimelala, na muuguzi yule alikuwa akiandikisha watu upya kwa mkono, kwenye daftari, ili kurasa zangu zisisumbuliwe usingizini.

Nani aliniambia 128? Hakuna. Ni namba ya mviringo, inapendeza, na aliyeiandika kabla yangu alikuwa na haja yake. Nimekuwa nikiikuta namba hiyo, na nduguye 64 na 256, katika mafaili ya watu wengi tangu wakati ule, na kila ninapomuuliza mwenye faili ameipataje, jibu ni lile ambalo mimi ningelitoa: nimeikuta. Fundi cherehani akimkatia mteja kanzu ya mita saba bila kumpima, eti kwa sababu mteja aliyetangulia alikuwa mnene, tutamcheka mtaa mzima. Sisi tunaitwa waangalifu.

Huwa najibiwa kwamba kumbukumbu siku hizi ni rahisi. Rahisi kwa nani? Anayeandika draiva hukaa mbele ya mashine yenye gigabaiti 16 au 32. Kwake yeye megabaiti 128 si hata moja katika mia, hatazikosa. Lakini draiva haiishi kwake. Inasafiri hadi kwenye kibao cha bei ya chini kabisa, kilichonunuliwa na mtu aliyechagua bei hiyo kwa sababu hakuwa na nyingine, na huko megabaiti zilezile ni robo ya mali yote. Kodi inayotozwa kwa kiwango kimoja kwa kila kichwa tunajua inavyomuumiza nani. Hii nayo ni kodi ya kichwa, tena isiyotoa risiti.

Isiyotoa risiti, nasisitiza. Nilipokuwa kijana nikitengeneza kompyuta za mitumba, niliitwa Kariakoo kuamua ugomvi. Mteja alinunua mashine ya megabaiti 256, akaiwasha nyumbani ikaonyesha 224, akarudi na shemeji zake wawili. Muuzaji aliapa kwa majina ya wazee wake kwamba hakugusa kitu. Alisema kweli. Megabaiti 32 zilikuwa zimechukuliwa na sehemu ya picha iliyomo ndani ya ubao wenyewe, kwa mpangilio uliokaa mahali ambapo mteja asingefika bila kubonyeza kitufe fulani kabla mfumo haujaanza. Nilikifika, nikapunguza 32 zikawa 8, shemeji wakaondoka. Lakini kwenye boksi hapakuwa na neno. Mpaka leo mwenye kununua huambiwa ukubwa wa nyumba, haambiwi chumba gani hakifunguki.

Mwanzoni mwa habari hii palikuwa na udhuru, na haki ni kuusema. Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 ilitumia chipu ya Intel 8237 kuhamisha data bila prosesa, chipu ambayo hesabu zake ni za biti 16 na ambayo haikuweza kuvuka mpaka wa kilobaiti 64 katika safari moja. Mashine ya AT ya mwaka 1984 ilipanua anwani hadi biti 24, na hivyo vifaa vilivyofuata mpango huo vikaweza kufika megabaiti 16 za mwanzo tu na si zaidi. Kadi za sauti za miaka ya 1990 ziliishi katika uzio huo. Draiva iliyochelewa kuamka ilikuta uzio umejaa wapangaji. Ndipo watu wakajifunza kuwahi. Wengine waliidanganya Linux yenyewe: mashine ina megabaiti 64, unaiambia wakati wa kuwaka kwamba ina 62, na mbili za juu draiva inajichukulia kimyakimya. Kitabu cha Alessandro Rubini na Jonathan Corbet juu ya draiva za Linux, toleo la mwaka 2001, kiliieleza hila hiyo bila kuona haya, na hakikukosea, kwa maana wakati mwingine haikuwapo njia nyingine.

Lakini dawa nayo ilikuwa inajulikana. Mashine za SPARC za kampuni ya Sun zilikuwa na mtafsiri wa anwani kwa ajili ya vifaa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990: kifaa kinaona shamba moja, kumbe ni viraka. Njia ya AGP ya kadi za picha, iliyoingia katika kompyuta za kawaida mwaka 1997, ilikuja na jedwali liitwalo GART lililofanya kazi hiyohiyo kwa kadi ya picha. Na hata bila mtafsiri, kuna vifaa vinavyokubali kupewa orodha: andika baiti hizi hapa, zinazofuata kule, zilizobaki pale. Kadi nyingi za mtandao na vidhibiti vya diski hufanya hivyo na wala hakuna anayeviimbia sifa. Leo mtafsiri huyo wa vifaa huitwa IOMMU, na chipu kubwa zinaye.

Chipu ndogo nyingi hazinaye, na hapo ndipo lilipo dai langu. Mtafsiri huyo hula nafasi kwenye chipu, na nafasi kwenye chipu ni fedha. Mtengenezaji anamwacha, bei inashuka kidogo, mauzo yanapanda. Lakini gharama aliyoikwepa haikufa. Imehamia kwa mwenye ubao, ambaye atailipa kwa kurasa zake kila siku ubao utakapowaka, mpaka utakapotupwa. Na mwandishi wa draiva ndiye karani anayeandika deni hilo kwenye daftari la mtu mwingine. Nimekuwa karani huyo. Hakuna aliyenilazimisha kuandika deni mara hamsini ya lililokuwapo.

Naweza kuonyesha kwamba deni huondoka vifaa vikibadilika. Raspberry Pi, kile kibao kilichotoka mwaka 2012, modeli yake ya B ilianza na megabaiti 256, na kabla mwaka haujaisha ikawa 512, na kumbukumbu hiyo iligawanywa kati ya prosesa na sehemu ya picha. Mgawanyo uliandikwa katika faili la maandishi ambalo mwenye kibao yeyote angeweza kulifungua na kulibadilisha, jambo ambalo nalisifu kwa moyo wote, maana asiyetumia kioo aliweza kujirudishia sehemu kubwa ya mali yake. Kisha katika Raspberry Pi 4 ya mwaka 2019 sehemu inayochora picha za pande tatu ilipewa mtafsiri wake wa anwani. Tangu hapo haihitaji kutengewa shamba kwa kazi hiyo. Inaomba kurasa kwa Linux pale inapozihitaji, kama raia wengine.

Rafiki yangu mmoja, fundi kuliko mimi, aliposoma rasimu ya maneno haya alinipigia simu usiku. "Wewe unazungumza kama mtu ambaye kamera haijawahi kumkatalia saa nane mchana," alisema. Alikuwa anasahau kwamba imeshanikatalia, tena palepale kituoni. Nilipoona aibu ya 128, kwa hasira nilifuta utengaji wote. Draiva ikawa inaomba nafasi pale tu kamera inapofunguliwa. Kerneli ya Linux hutoa kurasa zilizoshikana kwa mafungu yanayoongezeka maradufu, 1, 2, 4, 8 na kuendelea, mpango ambao Kenneth Knowlton aliueleza mwaka 1965; kwa hiyo kurasa zangu 150 zilipanda hadi fungu la 256, yaani megabaiti moja, mara nne. Asubuhi mambo yalikuwa mswano. Mchana, baada ya kivinjari kufungua na kufunga mamia ya vitu, mashine ilikuwa na zaidi ya megabaiti 100 tupu na haikuwa na mafungu manne ya megabaiti mojamoja yaliyoshikana. Kamera ikakataa. Muuguzi akaniuliza kwa upole kama sasa mashine imeshiba.

Basi rafiki yangu ana hoja, na ninaipokea yote. Tena angeweza kuongeza kwamba fungu kubwa kuliko yote, kwa kawaida, ni kurasa 1,024, yaani megabaiti 4, wakati picha moja ya nukta 1920 kwa 1080 yenye baiti nne kwa nukta ni baiti 8,294,400. Hiyo haipiti mlangoni hata nyumba ikiwa tupu. Anayesema utengaji wowote ni wizi hajawahi kuandika draiva ya kioo kikubwa. Mimi sisemi hivyo. Nasema kwamba hoja yake inathibitisha haja ya leso. Haithibitishi ukubwa wa leso, wala haithibitishi kwamba kiti lazima kikae kitupu hadi mwenyewe aje.

Maana kuna kondakta wa aina nyingine. Mwaka 2012, katika Linux 3.5, iliingia njia iitwayo CMA, kazi ya Marek Szyprowski na Michal Nazarewicz wa Samsung. Kile kiti kirefu cha nyuma kinatengwa tangu Dar es Salaam kama kawaida, lakini abiria wengine wanaruhusiwa kukikalia kwa sharti moja: familia ikipanda, wanahamia kwingine bila ubishi. Kurasa zinanakiliwa mahali pengine, anwani zinarekebishwa, programu zenye kurasa hizo hazijui hata kwamba zimehamishwa. Kamera ikifungwa, kiti kinarudi kwa umma. Katika faili linaloeleza ubao, tofauti kati ya ua wa chuma na mpango huu inaweza kuwa neno moja au mawili tu. Mimi nililiacha neno la ua wa chuma kwa sababu nililikuta.

Nao mpango huu una kasoro zake, sitaki kuuza dawa ya miti shamba hapa. Si kila abiria anahamishika. Ukurasa ulioshikwa na kifaa kingine, au na kerneli yenyewe, ni kama mzee mwenye mguu uliofungwa plasta, hauwezi kumwinua. Kwa hiyo mfumo lazima uchague nani akalie kiti hicho, na kurasa zisizohamishika haziruhusiwi humo. Hata hutokea kerneli ikawa na njaa ilhali kwenye eneo la CMA kuna nafasi isiyoweza kuigusa. Kuhamisha nako huchukua muda, na mtu anayebonyeza kamera hutaka picha sasa hivi. Ajabu ni kwamba kasoro hizi ndizo wengi wanazozitaja kama sababu ya kurudi kwenye ua wa chuma, tena wa megabaiti 256. Angalau CMA inaonekana. Fungua orodha ya kumbukumbu ya Linux, utaona CmaTotal na CmaFree zimeandikwa waziwazi, kilobaiti ngapi zimetengwa na ngapi hazina kazi. Ua wa chuma hauna mstari wake humo. Ni kama mashine ilizaliwa bila kiungo hicho.

Kituoni niliishia kwenye megabaiti 8 za CMA. Ni mara mbili ya yale mafungu manne, na ziada hiyo niliiandikia sababu yake palepale juu ya namba, kwa sentensi mbili: kamera gani, picha za ukubwa gani, ngapi kwa wakati mmoja, na anayekuja na kamera kubwa zaidi azidishe nini kwa nini. Barua yangu ya kununua ubao mpya niliiomba, nikarudishiwa. Mganga mkuu hakuuliza sana. Muuguzi aliniuliza nimeweka kitu gani kipya. Nikamwambia sikuweka, nimetoa. Akasema kama ni hivyo nisimdai kituo fedha, akacheka, lakini sikudai.

Ninachowaomba wenzangu hakihitaji chipu mpya wala kibali cha mtu. Namba iandikwe pamoja na hesabu yake. Iwe mahali ambapo mwenye mashine anaweza kuifikia bila kujenga upya mfumo mzima. Kamera isipokuwapo, utengaji wake usiwepo. Nimeona vibao visivyo hata na tundu la kamera vikilinda shamba la kamera kwa uaminifu wa askari jeshi. Na anayeuza ubao aandike kwenye boksi ni megabaiti ngapi zinazobaki kwa mnunuzi, chini ya ile namba kubwa, kwa herufi za ukubwa uleule. Najua hili la mwisho litachekwa. Mchele nao uliwahi kuuzwa kwa kopo lenye kitako kilichobonyezwa ndani, na aliyetaka mizani alichekwa.

Mwezi uliopita nililetewa faili la ubao mwingine, wa mashine ya kusoma tiketi, nilikague kabla halijafungwa katika vibao mia kadhaa. Kumbukumbu ya ubao ni megabaiti 256. Faili ni safi, limepangwa vizuri kuliko mafaili yangu, na katikati yake kuna utengaji wa megabaiti 128 kwa ajili ya kamera, ua wa chuma, bila sentensi hata moja juu yake. Nilimwandikia kijana aliyelitunga swali moja: kamera yenu inapiga picha ya nukta ngapi? Amenijibu kwa heshima kwamba atauliza. Vibao vinafungwa wiki ijayo, na bado nasubiri.